KUTUNZA MAGOFU YA MAWE: SOMO LA KAZI YA MIKONO

Wahenga walisema, Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii twaitumia kila siku kwa habari za ugomvi, za deni na za malezi ya watoto, lakini leo twataka kuirudisha mahali ilipotoka, yaani kwenye ukuta wenyewe. Somo letu lahusu majengo ya mawe ya watu wa kale, ambayo sasa ni magofu, na jinsi watu wa vijiji vilivyo karibu nayo wanavyofundishwa kwa mikono yao kuyatunza yasianguke.

Neno kubwa la somo hili ni moja, na msomaji alishike tangu mwanzo: kuziba ufa hakutoshi, yapasa kujua ufa huzibwa kwa kitu gani. Ufa uliozibwa vibaya huweza kuangusha ukuta upesi kuliko ufa ulioachwa wazi.

MAGOFU YA KILWA

Katika pwani yetu magofu ya mawe yako mahali pengi, tangu Somalia hata Msumbiji. Kenya iko Gedi, mji wa kale uliomo msituni karibu na Malindi, ambao mwaka 2024 uliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Sisi tutachukua mfano wa Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, katika Mkoa wa Lindi, nchi ya Tanzania, kwa kuwa huko kazi ya kutunza imekwenda pamoja na kazi ya kufundisha, na matunda yake yameonekana.

Kwa ufupi, Kilwa ulikuwa mji wa biashara. Dhahabu ya Sofala ilipita mikononi mwa wafanya biashara wake, na masultani wake walipiga fedha zao wenyewe. Msikiti Mkuu ulianza kujengwa katika karne ya 11, ukapanuliwa baadaye na kuezekwa kuba za mawe. Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyetawala mwanzo wa karne ya 14, alijenga Husuni Kubwa juu ya jabali la pwani, jumba lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane. Msafiri Ibn Battuta alifika huko mwaka 1331, akausifu mji. Mwaka 1505 Wareno waliuteka, wakajenga ngome. Na Gereza lionekanalo leo lilijengwa na Waarabu wa Oman mahali pale pale, karibu na mwaka 1800. Songo Mnara, kisiwa kilicho upande wa kusini, una magofu ya nyumba za mawe zaidi ya 40, pamoja na misikiti na ukuta wa mji.

Mwaka 1981 magofu ya visiwa hivi viwili yaliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka 2004 yakatiwa katika orodha nyingine, isiyo ya sifa: orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu kuta zilikuwa zikianguka na pwani ikiliwa na maji. Mwaka 2014 yakatolewa katika orodha hiyo ya hatari. Kati ya mwaka 2004 na 2014 kuna miaka 10, na katika miaka hiyo wataalamu wa serikali na wa nchi za nje walifanya kazi pamoja na waashi na wanavijiji wa visiwani. Yaliyofundishwa katika kazi ya namna hiyo ndiyo tutakayoyaeleza.

ADUI WA UKUTA

Kabla ya kumtibu mgonjwa, mganga huuliza ugonjwa. Kadhalika ukuta. Kuta za pwani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na upana wake aghalabu ni karibu nusu mita. Adui zake ni wanne.

Wa kwanza ni mvua. Nyumba ilipokuwa na dari, maji hayakuingia ndani ya ukuta. Dari ikiisha kuanguka, kichwa cha ukuta hubaki wazi kama mtungi usio na kifuniko. Maji huingia kwa juu, huosha chokaa iliyo kati ya mawe, na baada ya miaka mawe hubaki yamekaa bila kushikana.

Wa pili ni mti. Ndege huacha mbegu ya mkuyu juu ya ukuta. Mbegu huota katika ufa mdogo usioweza kupitisha ukucha. Kisha mzizi hunenepa na kutenga mawe.

Wa tatu ni bahari. Mawimbi hula ardhi chini ya msingi, kama yalivyofanya upande wa Gereza la Kilwa unaoelekea majini. Tena chumvi ya bahari huingia katika jiwe pamoja na unyevu. Maji yakikauka, chumvi huganda ndani ya vitundu vya jiwe, huvimba, na jiwe humomonyoka kama mkate mkavu.

Wa nne ni mtu. Huyu huja kuchukua mawe ya kujengea nyumba yake au ya kuchomea chokaa, hufunga mbuzi penye mihirabu, huchimba akitafuta hazina, huandika jina lake juu ya lipu ya miaka 600. Na yuko mtu mwingine, naye ni wa kuogopwa zaidi kwa kuwa nia yake ni njema: ni yule ajaye kutengeneza bila kujua. Tutarudi kwake.

MWANAFUNZI HUANZA KWA KUTAZAMA

Somo hili halifundishwi ubaoni. Mwanafunzi hupelekwa mbele ya ukuta, na siku ya kwanza hapewi mwiko, bali hupewa karatasi na kalamu. Huambiwa atazame. Ufa uko wapi? Waanzia juu au chini? Ukuta umeinama kiasi gani ukipimwa kwa timazi? Maji ya mvua hupita wapi? Jiwe gani limelegea? Kisha huchora ukuta, huandika vipimo na tarehe, na hupigwa picha. Mawe yaliyoanguka hayatupwi wala hayakusanywi kuwa chungu moja. Kila moja hutazamwa lilipolala, maana jiwe la tao huonyesha kwa umbo lake lilitoka wapi.

Vijana wengi huona kazi hii kuwa ya kuchelewesha. Walakini ina faida mbili. Ya kwanza, ufa ulioandikwa leo waweza kupimwa tena mwakani, ikajulikana kama unapanuka au umetulia. Na ufa uliotulia miaka 100 huenda hauhitaji kuguswa. Ya pili, kama ukuta ukianguka usiku wa leo, habari zake hazikuanguka pamoja nao.

KUONDOA MITI

Kazi ya pili ni kufyeka, na hapo panga likiwa mkononi mwa mtu mwenye haraka huharibu kuliko mvua ya masika. Mti ulioota ukutani haung'olewi. Mizizi yake imekwisha kukumbatia mawe, na ukiuvuta, waja na nusu ya ukuta. Hukatwa shina karibu na ukuta, na kisiki huuawa polepole kwa dawa chini ya uangalizi wa mtu aijuaye. Mzizi ukiisha kufa na kukauka, hutolewa vipande vipande, na pengo lake hujazwa mawe madogo na chokaa siku ile ile.

Wala haifai kukata kila mti ulio karibu na magofu. Kivuli huzuia jua kali lisikaushe chokaa mpya, na mizizi ya miti iliyo mbali na msingi hushika udongo usichukuliwe na maji. Majani mafupi juu ya ardhi ni rafiki. Mche wa mkuyu juu ya ukuta ni adui. Mwanafunzi apaswa kuwajua wote wawili.

CHOKAA

Sasa twafika katika kiini cha somo. Wazee wetu walichoma matumbawe juu ya chungu kubwa ya magogo, yaani tanuu, hata mawe yakageuka kuwa chokaa. Moto ukipata joto la kadiri ya digrii 900, hewa ya ukaa iliyomo katika jiwe hutoka, na kinachobaki ni chokaa kali. Ikimwagiwa maji, huchemka yenyewe bila moto na kupasuka kuwa unga au uji mzito. Hiyo ndiyo chokaa iliyozimwa. Ikiisha kuwekwa ukutani, huivuta tena hewa ya ukaa kutoka angani kidogo kidogo, na kwa muda wa majuma na miezi hurudi kuwa jiwe. Basi chokaa ni jiwe lililovunjwa kwa moto na kuungwa tena kwa hewa. Ndiyo sababu hupatana na ukuta wa matumbawe: ni ndugu wa damu moja.

Siku hizi matumbawe hai ya baharini hayachimbwi ovyo wala mikoko haikatwi kwa kuni za tanuu, kwa maana nayo ni mali inayolindwa, na ni mazalio ya samaki. Huchomwa mawe ya chokaa ya nchi kavu, au hununuliwa chokaa iliyokwisha kuchomwa.

Mwanafunzi hufundishwa haya kwa vitendo:

1. Chokaa iliyozimwa huwekwa shimoni au ndani ya pipa, imefunikwa kwa maji, kwa majuma mengi. Kadiri ikaavyo ndivyo ilainikavyo. Chokaa ya haraka huwa na punje zisizozimika vema, ambazo huja kufumuka ndani ya ukuta.

2. Mchanga usiwe wa ufuoni wenye chumvi. Huchekechwa, na huoshwa kwa maji ya kisima. Hata maji ya kuchanganyia yawe matamu.

3. Kipimo cha kawaida ni sehemu 1 ya chokaa kwa sehemu 3 za mchanga, nacho hupimwa kwa ndoo, si kwa jicho. Hukandwa sana, maana mkando mwingi ni bora kuliko maji mengi.

4. Kabla ya kujaza kiungo cha mawe, vumbi na chokaa iliyooza hutolewa, na mahali huloweshwa maji. Ukuta mkavu hunyonya maji ya chokaa mpya, nayo hugeuka unga.

5. Kiungo kipana hakijazwi kwa chokaa peke yake; hupachikwa vipande vidogo vya mawe katikati yake.

6. Kazi ikiisha, hufunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa, na magunia huloweshwa tena kwa siku nyingi. Mwashi aliyemaliza kazi saa kumi akaenda zake bila kufunika, kesho atakuta nyufa kama wavu.

Kadhalika hufundishwa kujihadhari. Chokaa inayozimwa huunguza ngozi na kupofusha macho. Yafaa kuvaa glovu na miwani ya kazi, na kuweka ndoo ya maji safi karibu. Ikimwingia mtu jichoni, aoshwe mara moja kwa maji mengi, kisha apelekwe hospitali.

KWA NINI SI SARUJI?

Hili ndilo swali ambalo kila mwanafunzi huliuliza, na ni swali la haki. Saruji hushika upesi, hupatikana kila duka, na ni ngumu kuliko chokaa. Je, kitu kigumu si bora?

Jibu ni hili. Ukuta wa kale hupumua. Unyevu huingia kutoka ardhini na kutoka mvuani, kisha hutoka tena kwa njia ya viungo vya chokaa, ambavyo ni laini na vina vitundu. Ukiviziba viungo kwa saruji, maji hayana njia ya kutoka ila kupitia jiwe lenyewe. Hubeba chumvi, chumvi huganda ndani ya jiwe, na jiwe huanza kuliwa. Baada ya miaka kadhaa utaona jambo la ajabu: saruji imebaki imesimama kama fremu, na mawe yaliyokuwa kati yake yamekwisha kuwa mashimo. Tena ukuta hucheza kidogo kwa joto la mchana na baridi ya usiku. Chokaa hukubali kucheza pamoja nao. Saruji hukataa, na katika ugomvi huo lipasukalo ni jiwe. Katika kutunza, kinachotiwa kipya sharti kiwe dhaifu kuliko cha kale, ili kama ni lazima kimoja kiharibike, kiharibike kile tuwezacho kukitia tena.

Wala kosa la kuamini kitu kigumu halikufanyika kwetu tu. Katika mji wa Athens, nchi ya Ugiriki, liko hekalu mashuhuri liitwalo Parthenon. Mwanzo wa karne ya 20 mhandisi Nikolaos Balanos aliyashikanisha mawe yake kwa vyuma, kwa nia njema kabisa. Vyuma vikapata kutu, vikavimba, vikapasua marimari. Tangu mwaka 1975 kamati ya wataalamu ilianza kusimamia kazi ya kuyatengeneza hayo, na vile vyuma vikatolewa, vikatiwa vingine vya titani, madini yasiyopata kutu. Huyu ndiye yule mtu mwenye nia njema tuliyemtaja. Kama mhandisi wa hekalu kubwa aliweza kukosea hivyo, mwalimu au mzee wa kijiji anayetaka kuusitiri msikiti wa kale kwa mifuko miwili ya saruji apaswa kusita kwanza na kuuliza.

KICHWA CHA UKUTA, NA MAHALI PA KUKOMA

Chokaa ikiisha kujulikana, kazi iliyo kubwa kuliko zote ni kukifunika kichwa cha ukuta. Mawe yaliyolegea juu huondolewa kwa utaratibu, huoshwa, hurudishwa juu ya chokaa mpya, na juu yake hupigwa tabaka la chokaa lenye mteremko, ili mvua iteleze wala isituame. Nyufa za ndani hutiliwa uji mwepesi wa chokaa, kuanzia chini kwenda juu, kidogo kidogo, maana uji mwingi wa mara moja huusukuma ukuta. Ukuta ulioinama huwekewa miega kabla mtu hajausogelea.

Hili la miega si la kulidharau. Tarehe 25 Desemba 2020, huko Unguja, sehemu ya Jumba la Maajabu, lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka wakati kazi ya matengenezo ikiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Jengo la kale ni zito, na halitoi hodi linapoanguka.

Mwisho mwanafunzi hufundishwa kukoma, na hilo ni gumu kuliko kushika mwiko. Fundi hodari atamani kuimalizia tao iliyovunjika, kuiinua kuba, kuirudisha nyumba kama ilivyokuwa. Lakini nani ajuaye ilivyokuwa? Mwaka 1964 wataalamu wa nchi nyingi walikutana Venice, Italia, wakaandika mapatano juu ya jambo hili, na shauri lao ni kwamba kazi ya kurudishia hukoma pale ambapo kubahatisha huanza. Tena kilichoongezwa kijulikane kuwa ni kipya, ili ajaye kusoma ukuta asidanganyike. Gofu ni kama waraka wa kale uliochanika. Twaruhusiwa kuubandika usipotee. Haturuhusiwi kuandika maneno yetu penye pengo na kusema ni ya mwenye waraka.

KAZI YA KIJIJI

Yawezekana msomaji atasema, Haya ni ya mafundi; sisi wengine yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Mtaalamu huja, hukaa miezi mitatu, huondoka. Mvua haiondoki. Anayeuona ufa mpya siku ulipozaliwa ni mvuvi apitaye, ni mwanamke aendaye kisimani, ni mtoto wa shule. Huko Kilwa ulinzi wa pwani ulifanywa kwa masanduku ya nyavu za waya yaliyojazwa mawe, na kwa kupanda mikoko. Na mche wa mikoko haulindwi na mtu aliye mbali.

Basi kila kijiji chenye magofu chaweza kufanya haya bila gharama kubwa: kung'oa miche michanga juu ya ardhi na kuikata ile ya ukutani kabla haijawa miti, kuzuia mawe yasichukuliwe, kuongoza maji ya mvua yapite mbali na msingi, kuandika katika daftari la shule kila ufa na kila jiwe lililoanguka, pamoja na tarehe, na kupeleka habari kwa maofisa wa mambo ya kale. Lakini kuchimba, kubomoa au kujenga bila idhini haifai. Katika Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863, hata kama yako katikati ya shamba la mtu.

Liko jambo moja zaidi, nalo ni la kuhuzunisha kama hatukulishughulikia. Nyumba zetu sasa zajengwa kwa matofali ya saruji, na mzee ajuaye kuzima chokaa, kuikanda na kuisikiliza chini ya mwiko huenda hana mwanafunzi hata mmoja. Ukuta ukianguka tumepoteza ukuta. Fundi akifa bila kufundisha, tumepoteza kuta zote ambazo angetutengenezea. Kwa hiyo kijiji kikipata nafasi ya mafunzo, kisipeleke vijana wasio na kazi tu kwa ajili ya posho. Kipeleke mwashi mzee na kijana pamoja, ili mmoja atoe ujuzi na mwingine aupokee.

MASWALI KWA WANAFUNZI

1. Taja adui wanne wa ukuta wa mawe, na ueleze ni yupi aliye karibu na kijiji chako.

2. Kwa nini mti ulioota ukutani haung'olewi?

3. Chokaa hurudije kuwa jiwe? Jaribu: paka chokaa iliyozimwa juu ya kigae, huku umevaa glovu, na mwalimu awepo; ufunike kwa gunia bichi, na uutazame ugumu wake kila juma.

4. Mjumbe wa kijiji ataka kuziba nyufa za msikiti wa kale kwa saruji. Mweleze kwa heshima, kwa maneno yasiyozidi kumi na mawili, kwa nini asifanye hivyo.